Paka dume asiyeweza kukojoa: Dharura inayohesabiwa kwa saa

MFUGAJI anapomwona paka wake dume akichuchumaa mara kwa mara kwenye beseni la mchanga, akijikamua kwa nguvu pasipo kutoa kitu, wazo la kwanza linalomjia aghalabu ni kwamba mnyama huyo amefunga choo. Humnywesha mafuta kidogo, akambadilishia chakula, kisha akangoja kupambazuke aone hali itakavyokuwa. Kungoja huko ndiko kunakowaangamiza paka ambao wangeweza kuokolewa.

Yamkini tatizo halimo tumboni kamwe, bali limo katika mrija wa kutolea mkojo ambao umeziba. Haya ni maradhi yanayowapata takriban madume pekee, na ni miongoni mwa dharura kubwa zaidi katika tiba ya paka. Dume aliyeziba kabisa asipotibiwa huweza kufa katika muda wa siku tatu hivi, pengine mapema zaidi. Akifikishwa kwa daktari mapema, wengi hupona na kuishi miaka mingi. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni saa chache tu, na ufunguo wake umo mikononi mwa mwenye paka.

Kwa nini dume?

Figo za paka huchuja damu usiku na mchana, na mkojo unaopatikana huteremka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu. Kutoka kibofuni, mkojo hutoka nje kwa kupitia mrija mmoja. Kwa paka jike, mrija huo ni mfupi na mpana. Kwa dume, ni mrefu, na huzidi kuwa mwembamba kadiri unavyoikaribia ncha ya uume. Chembe ambayo kwa jike ingepita bila hata kutambuliwa, kwa dume yaweza kukwama kama kizibo mdomoni mwa chupa. Kwa hivyo, ingawa jike naye huugua kibofu, kuziba kabisa ni msiba wa madume.

Wanaokumbwa zaidi ni madume wazima walionenepa kupita kiasi, wanaoshinda ndani ya nyumba bila shughuli na wanaolishwa chakula kikavu pekee. Ipo dhana kwamba kumhasi dume angali mdogo huufanya mrija wake usipanuke na hivyo kumletea maradhi haya. Uchunguzi uliofanywa kuhusu suala hilo haukuiunga mkono dhana hiyo. Lililo kweli ni kwamba paka aliyehasiwa hunenepa kwa urahisi na hupunguza mizunguko, na unene huo ndio unaopaswa kudhibitiwa. Hakuna haja ya kuacha kuhasi.

Ni nini kinachoziba?

Vyanzo vikuu ni vitatu. Cha kwanza ni kizibo laini kilichofanyika kwa ute, protini na chembe zilizobanduka kutoka ukuta wa kibofu, vikachanganyika na fuwele ndogo mithili ya mchanga. Fuwele hizo aghalabu ni za struvaiti, yaani muungano wa magnesiamu, amonia na fosfeti.

Cha pili ni vijiwe kamili, ambavyo huwa vya struvaiti au vya oksaleti ya kalisi. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mgonjwa, kwa sababu vijiwe vya struvaiti vyaweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu katika muda wa wiki kadhaa, ilhali vya oksaleti haviyeyuki na sharti viondolewe. Katika miaka ya 1980, watengenezaji wa vyakula vya paka katika mataifa ya Magharibi walipunguza magnesiamu na kuongeza asidi ili kuzuia struvaiti. Vijiwe vya struvaiti vilipungua, lakini vile vya oksaleti vikaongezeka katika miaka iliyofuata. Tukio hilo liliwafunza wataalamu kwamba maradhi haya hayawezi kukomeshwa kwa kubadilisha madini ya chakula pekee.

Chanzo cha tatu hakionekani kwa macho. Kibofu na mrija huvimba kwa ndani, misuli inayouzunguka mrija ikakaza na kuufunga, hata pasipo kizibo wala kijiwe. Nyuma ya hali hiyo mna maradhi ya kuvimba kwa kibofu ambayo kiini chake hakijabainika kikamilifu, na ambayo ndiyo yanayoongoza miongoni mwa matatizo ya mkojo kwa paka ambao hawajazeeka. Utafiti wa miongo kadhaa, hususan wa Dkt Tony Buffington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, umeonyesha kwamba msongo wa mawazo una mchango mkubwa. Kuhamia nyumba mpya, kuletwa kwa paka mwingine, ujio wa wageni, kelele za ujenzi au kubadilika kwa ghafla kwa ratiba ya nyumbani ni mambo yanayoweza kumwathiri paka hadi kibofuni.

Jambo moja linafaa kusisitizwa. Kwa binadamu, maumivu wakati wa kukojoa huhusishwa na bakteria, na watu wengi hukimbilia viuavijasumu. Kwa paka dume ambaye hajazeeka, maambukizi ya bakteria ni nadra kuwa chanzo cha kuziba. Mfugaji anayenunua dawa hizo katika duka la dawa za mifugo na kumpa paka wake nyumbani huwa hajakigusa kiini cha tatizo. Huwa amepoteza siku nzima ambayo mgonjwa hakuwa nayo.

Yanayotokea mwilini

Paka mwenye uzito wa kilo nne hutengeneza takriban mililita 100 hadi 200 za mkojo kwa siku. Mrija unapoziba, figo haziachi kazi papo hapo. Mkojo huendelea kumiminika, kibofu kikavimba na kuwa kigumu kama chungwa. Shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye figo zenyewe, nazo hushindwa kuchuja. Katika muda wa saa 24 hadi 48, sumu ambazo zingetoka kwa mkojo huwa zimeanza kulundikana katika damu. Paka huanza kutapika, hukataa chakula na kulegea.

Hatari kubwa kuliko zote ni potasiamu. Madini haya yanahitajika mwilini kwa kiasi maalumu, na kazi ya kuondoa ziada ni ya figo. Zinaposhindwa, potasiamu hupanda na kuvuruga umeme unaouongoza moyo. Moyo wa paka mwenye afya hupiga takriban mara 140 hadi 220 kwa dakika. Wa paka aliyeziba kwa muda mrefu huweza kupunguza kasi, ukapiga bila mpangilio na hatimaye kusimama. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 38 na 39, nalo hushuka.

Kwa hiyo mfugaji asidanganyike na utulivu. Paka aliyekuwa akilia usiku kucha kisha akanyamaza na kulala kando, mwili ukiwa baridi, huenda hajapata nafuu. Huenda yu karibu kufa.

Dalili za kuangaliwa

Dalili ya awali ni kwenda kwenye beseni la mchanga mara nyingi kupita kawaida na kukaa hapo kwa muda mrefu. Paka hujikamua, na ama hutoa matone machache, pengine yenye damu, au hatoi chochote. Wengine hukojoa mahali pasipo pao, kama vile kwenye sinki, bafuni au juu ya matandiko. Mfugaji huona huo ni utundu na akamwadhibu, kumbe mnyama anatafuta mahali pasipomletea maumivu.

Aidha, paka hulia anapojaribu kukojoa, hulamba sehemu zake za siri bila kukoma, hujificha uvunguni na hukataa kushikwa tumbo. Baadaye hufuata kutapika, kukosa hamu ya chakula, kulegea na kuanguka.

Kupambanua kati ya kufunga choo na kuziba mkojo si rahisi, kwa sababu paka huchuchumaa kwa namna inayofanana katika hali zote mbili. Kanuni iliyo salama ni moja: dume anayejikamua achukuliwe kuwa ameziba mkojo hadi daktari athibitishe vinginevyo. Angalia mchanga. Iwapo hauna unyevu wala mabonge mapya, usingoje kesho. Kwa paka anayejisaidia nje ya nyumba, mfungie chumbani na umwekee beseni ili uhakikishe kama mkojo unatoka.

Yasiyofaa kufanywa nyumbani

Kwanza, usilikamue tumbo la paka kwa lengo la kuusukuma mkojo nje. Kibofu kilichojaa huweza kupasuka, na mkojo ukimwagika tumboni mambo huharibika maradufu.

Pili, usimpe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Panadol, ni sumu kwa paka hata kwa kipimo kidogo, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo. Aspirini na ibuprofeni nazo ni za hatari, hasa kwa mnyama ambaye figo zake tayari zimelemewa.

Tatu, usimlazimishe kunywa maji mengi wala dawa za kuongeza mkojo, ziwe za dukani au za mitishamba. Maji ni kinga nzuri kabla ya kuziba. Baada ya kuziba, kila tone linaloongezeka halina pa kutokea.

Linalofaa ni kumweka paka katika kikapu au katoni yenye matundu, umfunike kwa kitambaa apate joto na utulivu, umpigie daktari simu kumweleza kwamba unamletea dume asiyekojoa, kisha uondoke.

Anachofanya daktari

Daktari huanza kwa kulipapasa tumbo. Kibofu kigumu kinachouma, kisichotoa mkojo, huwa kimekwisha kusema ukweli wote. Palipo na vifaa, hupima damu ili kujua kiwango cha potasiamu na hali ya figo, na huusikiliza moyo.

Mgonjwa aliyezidiwa hatibiwi mrija kwanza. Hutiwa maji mishipani. Moyo ukiwa umeathirika, huchomwa dawa ya kalisi inayoukinga dhidi ya potasiamu, na pengine insulini pamoja na glukosi ili kuirudisha potasiamu ndani ya seli. Wakati mwingine daktari huingiza sindano kupitia ukuta wa tumbo na kunyonya mkojo moja kwa moja kutoka kibofuni ili kupunguza shinikizo.

Baada ya hapo, paka hulazwa kwa dawa ya usingizi na mpira mwembamba ukapitishwa katika mrija, huku maji safi ya chumvi yakisukumwa polepole kukiondoa kizibo. Mpira huo aghalabu huachwa mahali pake kwa siku moja hadi tatu. Katika kipindi hicho, figo zilizofunguliwa huweza kutoa mkojo mwingi mno, na mgonjwa asiporudishiwa maji hayo mishipani huweza kukaukiwa. Hii ndiyo sababu daktari husisitiza alazwe badala ya kurudi nyumbani jioni ile ile.

Picha ya eksirei au ya mawimbi ya sauti huonyesha kama kuna vijiwe. Kwa paka anayeziba mara kwa mara, au ambaye mrija wake haufunguki, upo upasuaji ambao sehemu nyembamba ya mrija huondolewa na kutengenezwa mlango mpya mahali mrija ulipo mpana. Mbinu inayofuatwa na wengi ilielezwa na madaktari Wilson na Harrison mwaka 1971. Upasuaji huo hupunguza uwezekano wa kuziba, lakini hauponyi maradhi ya kibofu yaliyosababisha, na humwacha paka katika hatari kubwa zaidi ya kupata maambukizi ya bakteria.

Pesa zinapopungua

Tiba hii haina bei ya chini, na si kila mwenye paka anayeweza kugharimia siku tatu za kulazwa. Ni heri jambo hilo likazungumzwa waziwazi na daktari tangu mwanzo kuliko mfugaji kuona haya na kubaki nyumbani.

Mnamo 2010, watafiti wa chuo kile kile cha Ohio walichapisha matokeo ya mpango wa gharama nafuu kwa madume ambao wenyewe hawakumudu tiba ya kawaida. Badala ya kupitisha mpira, walitumia dawa za kutuliza maumivu na wasiwasi, wakanyonya mkojo kwa sindano kila ulipojaa, wakawapa maji chini ya ngozi na kuwaweka mahali patulivu, pasipo kelele wala mbwa. Kati ya paka 15, 11 walifaulu kukojoa wenyewe na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mpango huo haumfai paka ambaye hali yake imekwisha kuwa mahututi, na hufanywa na daktari tu. Hata hivyo, unathibitisha kwamba kati ya tiba kamili na kumwacha mnyama afe pana njia ya katikati, ambayo hupatikana tu kwa yule aliyefika mapema.

Na iwapo hakuna njia iliyosalia, kumlaza mnyama usingizi wa milele kwa mkono wa daktari ni huruma. Kumwacha afe kwa kuziba ni kumtesa kwa siku kadhaa.

Kwa wakazi wa maeneo ambako hakuna kliniki ya wanyama wadogo, daktari wa mifugo anayeshughulikia ng'ombe na mbuzi alisomea pia tiba ya paka, na anaweza kutoa huduma ya kwanza kabla ya safari. Nchini Kenya, madaktari hao husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo (KVB), na mfugaji ana haki ya kuuliza kuhusu usajili huo. Hospitali ya mafunzo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoko Kabete, huwatibu pia wanyama wadogo. Nambari ya simu ya daktari aliye karibu iandikwe mahali panapoonekana kabla ya siku ya haja kufika.

Kumkinga asirudi alikotoka

Paka aliyeziba mara moja huweza kuziba tena, na siku na majuma ya kwanza baada ya matibabu ndiyo ya hatari zaidi. Mfugaji hana budi kuuchunguza mkojo wake kila siku katika kipindi hicho.

Silaha ya kwanza ya kinga ni maji. Paka wa nyumbani ni wa ukoo wa paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kame ambaye hata leo huishi katika nyika zetu. Mwili wake umezoea kuhifadhi maji kwa kutoa mkojo mzito, na sehemu kubwa ya maji yake huyapata kutoka katika windo. Wahenga walinena kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Mwili wa panya una maji kwa takriban asilimia 70. Chakula kikavu cha dukani kina asilimia 10 hivi, na omena waliokaushwa nao hawana maji mengi. Paka anayelishwa vyakula hivyo pekee sharti anywe maji mengi kutoka bakulini, ilhali maumbile yake hayakumfunza tabia hiyo.

Kwa hiyo, omena walowekwe na kuchemshwa, wapewe paka pamoja na mchuzi usio na chumvi wala vitunguu, kwa kuwa vitunguu huwadhuru paka. Chakula kikavu kinaweza kulainishwa kwa maji ya vuguvugu. Kama uwezo upo, chakula chenye maji cha mkebeni ni bora zaidi. Mabakuli ya maji yawe zaidi ya moja, yabadilishwe kila siku na yawekwe mbali na beseni la mchanga. Maziwa si mbadala wa maji, kwani paka wengi wazima hayawakubali tumboni na huishia kuharisha. Chakula maalumu cha kuyeyusha fuwele kitumiwe kwa ushauri wa daktari aliyepima mkojo, kwa sababu kisichofaa huweza kusababisha vijiwe vya aina nyingine.

Silaha ya pili ni utulivu. Mwaka 2006, Dkt Buffington na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu paka 46 wenye maradhi ya kibofu ambao wenyewe walielekezwa kurekebisha mazingira ya nyumbani. Dalili za mkojo zilipungua, na hofu na woga wa paka hao pia vilipungua. Marekebisho yenyewe hayahitaji mali nyingi. Paka apewe mahali pa juu pa kukaa, pa kujificha na pa kukwaruza. Achezewe kila siku, alishwe kwa saa zisizobadilika, na mabeseni ya mchanga yawe moja zaidi ya idadi ya paka waliopo, yasafishwe kila siku. Katika nyumba yenye paka wengi, kila mmoja apate njia ya kulifikia chakula na beseni pasipo kuviziwa na mwenzake.

Silaha ya tatu ni kudhibiti uzito. Chakula kipimwe badala ya kuachwa bakulini kutwa kucha.

Hatua hizi zote hupunguza hatari lakini haziiondoi kabisa. Linalobaki ni jicho la mwenye paka. Mnyama huyu ana tabia ya kuficha maumivu yake, na mara nyingi beseni la mchanga ndilo linalomsemea. Anayelitazama kila asubuhi atajua mapema. Akishajua, akumbuke kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa dume aliyeziba mkojo, usemi huo si fumbo.